Chapa na Chapa: Herufi za Sarafu na Istilahi za Historia

Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa iliyofunguliwa mwaka 1994, hukutanisha Kiswahili cha Kongo na cha Burundi. Kote humo, sawa na Lilongwe, neno moja *chapa* hubeba mambo mawili ambayo mwanahistoria hana budi kuyatenga. Herufi T katika sarafu ya heller 20 ya mwaka 1916 ilichongwa kwenye chuma cha kupigia. Imetokeza pamoja na mchoro wote, nayo yataja Tabora, ilikotengenezwa vitani katika karakana ya reli. Herufi PM zenye taji, zilizogongwa Msumbiji mwaka 1889 juu ya riale za Maria Theresa, zimedidimia na kuukata mchoro wa awali. (Mwaka 1780 ulioandikwa kwenye riale nao hauaminiki: uliendelea kurudiwa kwa zaidi ya karne.) Riale yenye PM ikiokotwa Lilongwe, yathibitisha kwamba ilipitia mikononi mwa Wareno, si kwamba ilizaliwa Msumbiji. *Alama ya kiwanda* basi ibaki kwa ile ya kwanza, na *muhuri wa juu* kwa ya pili.