Tuba Iliyoundwa Upya: Habari za Sauti ya Nne katika Nchi ya Korogwe na Handeni

Kwaya ya tarumbeta ina sauti nne, na sauti ya nne ndiyo inayobeba nyingine tatu. Tuba, ambayo kazi yake ni kuishika sauti hiyo, haisifiwi sana. Mpigaji wake huketi nyuma, na watoto humtazama kwa kicheko mashavu yake yanapofura. Lakini siku tuba inaponyamaza, hata mzee asiyejua nota hutambua kwamba wimbo umepoteza sakafu yake.

Ndiyo maana tuba inapoharibika huzuka mjadala katika baraza la wazee. Je, usharika usubiri nyingine kutoka ng'ambo? Je, iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa ina kilo nyingi za shaba? Au apewe fundi aikate, aipinde, aiunganishe na mabaki ya chombo kingine, na kuirudisha ikiwa na umbo ambalo hakuna kiwanda kilichopata kulitengeneza? Wapo wanaoona kwamba chombo cha viraka ni aibu mbele za Bwana na mbele ya wageni wa dayosisi. Historia ya tuba haiungi mkono aibu hiyo.

Neno lenyewe ni la kale kuliko chombo. Katika Biblia ya Kilatini zile tarumbeta mbili za fedha ambazo Musa aliagizwa kuzitengeneza, katika Hesabu sura ya 10, zinaitwa kwa jina hilo la tuba. Zilikuwa kazi ya kufua, yaani zilitokana na nyundo ya fundi. Tuba tunayoijua leo ilipewa hati ya uvumbuzi mjini Berlin mwaka 1835, na waliopewa ni Wilhelm Wieprecht, kiongozi wa bendi za jeshi la Prussia, na Johann Gottfried Moritz, fundi wa vyombo. Walitaka besi yenye vali ambayo ingesikika uwanjani. Kwa hiyo chombo kinachoonekana leo kuwa cha kanisani tangu asili kilizaliwa kwa ajili ya askari.

Kuingia kwake kanisani kulipitia Westfalia. Huko Jöllenbeck, karibu na Bielefeld, vijana walianza kupiga nyimbo za ibada kwa vyombo vya shaba katika miaka ya 1840. Mchungaji Eduard Kuhlo na mwanawe Johannes Kuhlo waliieneza desturi hiyo. Johannes aliongoza nyumba ya mashemasi ya Nazareth huko Bethel kuanzia mwaka 1893, na watu walimpa jina la utani la Jenerali wa Tarumbeta. Aliwafundisha wapigaji kusoma moja kwa moja nota zilezile zinazosomwa na waimbaji, ili kitabu cha nyimbo kiwatoshe wote. Hata umbo la chombo hakuliacha kama alivyolikuta. Baragumu yake, iliyotengenezwa Bielefeld, ilizungushwa ikawa ya mviringo kama yai, na mpaka leo huitwa kwa jina lake.

Bethel hiyohiyo ndiyo iliyofungamana na Usambara. Wamisionari Johanssen na Wohlrab walifika Mlalo mwaka 1891. Vuga ilifuata mwaka 1895, na Lutindi, iliyoko milimani katika wilaya ya Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kabla ya kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1906 makao makuu ya misheni yalihamia Bethel. Mashemasi waliotumwa Usambara walitoka mahali ambapo siku ilifunguliwa na kufungwa kwa tarumbeta. Reli ilikuwa imefika Korogwe mwaka 1902, na tangu hapo mzigo mzito kutoka bandari ya Tanga haukuhitaji tena kubebwa na wapagazi kwa safari yote. Yeyote aliyewahi kuibeba tuba begani anajua maana ya jambo hilo.

Sasa yafaa kuchungulia ndani ya chombo, kwa maana hapo ndipo mjadala wa wazee unapoamuliwa. Tuba ni bomba moja refu linalopanuka polepole. Ile ya si-bemoli ina bomba la takribani mita 5.5, na ile ya mi-bemoli takribani mita 4. Bomba hilo limekunjwa kwa sababu hakuna mtu awezaye kulibeba likiwa limenyooka. Sauti hutokana na urefu wa bomba na jinsi linavyopanuka. Mikunjo, maadamu haikubanwa wala kubonyea, haina neno kubwa katika sauti. Bomba lilelile likikunjwa kama yai, kama duara au kama nane, litatoa noti zilezile.

Mafundi wa Ulaya na Marekani waliutumia uhuru huo bila haya. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Stowasser wa Vienna alilizungusha bomba likawa pete inayomzunguka mpigaji na kulala begani, na wapanda farasi wakaweza kupiga besi mikono ikiwa na hatamu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani palikuwa na vyombo ambavyo kinywa chake kilielekea nyuma, ili askari waliofuata bendi wasikie vizuri. Mwaka 1893 J. W. Pepper wa Philadelphia alitengeneza sousaphone kwa kufuata mawazo ya John Philip Sousa, na kinywa chake kilitazama mbinguni. Baadaye kiligeuzwa kutazama mbele. Siku hizi wako mafundi wanaochukua sousaphone iliyopondeka, wakaikata na kuikunja upya iwe tuba ya kukalia kitini, au wakaibana iwe ndogo ya kuingia ndegeni. Hakuna anayewaambia kwamba wameharibu.

Afrika ya Mashariki nayo haikungoja kuruhusiwa. Siwa ya Lamu ni ya shaba, lakini imefuata umbo la pembe ya ndovu. Katika miji ya pwani, Tanga ikiwamo, ngoma ya beni iliiga bendi za kijeshi. Pande za Ziwa Nyasa, watu waliorudi kutoka vita ya kwanza ya dunia walianzisha malipenga. Walichukua vibuyu, wakaviunganisha vikawa na sura ya tarumbeta, wakaweka utando wa buibui juu ya tundu, na kuimba ndani yake. Vibuyu vikubwa vilichukua nafasi ya besi. Mwanamuziki mwenye majivuno atasema hiyo si tuba, naye atakuwa na haki kwa upande wa elimu ya sauti, kwa sababu kinachotetema ni utando badala ya midomo. Hata hivyo kazi iliyofanywa ilikuwa ya tuba.

Kwa sharika za Korogwe na Handeni, msaada wa karibu zaidi ni fundi wa rejeta. Korogwe ni mji wa barabara kuu, na rejeta za zamani za malori zilitengenezwa kwa shaba na kuungwa kwa lehemu, kama tuba. Anayejua kuziba rejeta isivuje maji anaweza kuziba tuba isivuje pumzi. Palipobonyea husukumwa kutoka ndani kwa fimbo yenye kichwa cha mviringo. Bomba jipya, kabla ya kupindwa, hujazwa risasi, lami au mchanga mkavu, lisije likajikunja vibaya penye kona. Kinywa kilichopasuka hupata kiraka cha bati la shaba. Wakati wa vumbi, kabla ya barabara ya Handeni kuwekwa lami, adui mkubwa alikuwa mchanga ndani ya vali, na hapo fundi wa rejeta hana uwezo. Vali huchongwa kwa usahihi mkubwa mno, na karakana ya kando ya barabara haiwezi kuzitengeneza. Kwa sababu hiyo kila tuba inayoundwa upya huanza na vali zilizo salama, na mengine yote hujengwa kuzizunguka.

Hapo ndipo makosa pia hutokea. Katika tuba ya si-bemoli vali ya pili huongeza takribani sentimita 33 za bomba ili kushusha sauti kwa nusu hatua. Vali ya kwanza huongeza karibu mara mbili ya hizo. Fundi akipunguza bomba kuu kwa sentimita 30 kwa sababu kipande kimeoza, tuba nzima itapanda karibu nusu hatua, na mabomba ya vali yatakuwa marefu kupita kiasi. Wapigaji watalaumiwa kwa kutokuwa na sikio, kumbe hatia ni ya msumeno. Joto nalo lina sehemu yake, kwa kuwa kwaya iliyolinganisha vyombo katika ubaridi wa Lushoto itaviona vimepanda mchana wa Korogwe. Lakini joto hupandisha vyombo vyote pamoja, na kosa la msumeno hubaki katika kimoja.

Basi wazee wanaoogopa aibu wana neno la haki wanapodai kazi ya uangalifu. Kabla ya kukata, bomba lipimwe kwa uzi kutoka mdomo wa kupulizia hadi kinywani, na kipimo kiandikwe. Kipande kilichoondolewa kirudishiwe urefu uleule, hata kama kitapita mahali pasipotarajiwa na kuifanya tuba ionekane kama mzizi wa mti. Daftari la mali za usharika huandika tu idadi na hali ya chombo. Lingeandika pia jina la fundi, mwaka wa kazi, na chombo ambacho kilitoa vipande, wajukuu wa wapigaji wa sasa wangejua kwamba sauti ya nne waliyoisikia mazishini na alfajiri ya Pasaka ilitoka katika tuba mbili au tatu zilizokufa, na rejeta moja.