Deni la Chupa Moja ya Damu

Najua nimepotea karibu wiki tatu, mnisamehe. Kwanza mitihani, halafu likatokea jambo ambalo ndilo nataka kuwasimulia leo. Mnaosubiri stori za kantini mtanivumilia kidogo.

Alhamisi moja saa nne usiku niko rumu hapa Njiro, napambana na maswali ya uhasibu wa gharama. Mwenzangu wa rumu akaingia, simu mkononi, hata salamu hakuna. "Kaka, damu yako grupu gani?" Dada yake alikuwa anapelekwa chumba cha upasuaji huko mjini. Mimba ilitunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, damu inamwagikia tumboni. Tukadandia bodaboda. Njia nzima nilikuwa na kitu kimoja kichwani: mwezi uliopita watu wa damu salama walikuja chuoni, mimi nikapita mbali nikijifanya nina kipindi. Sikuwa na kipindi.

Tulipofika, dada alishatundikiwa chupa ya kwanza. Damu ya nani? Hakuna aliyejua. Mtu fulani, pengine mwanafunzi kama sisi, aliitoa siku za nyuma akaenda zake. Usiku ule na mimi nikatoa yangu. Tangu hapo nimekuwa nasoma historia ya hii kitu kuliko ninavyosoma madaftari yangu, basi naomba niwagawie.

Sisi watu wa uhasibu tulipaswa kuijua zamani, maana jina lenyewe limetoka kwetu. Mwaka 1937 Dk. Bernard Fantus alianzisha akiba ya damu katika hospitali ya Cook County, Chicago, akaiita benki: unaweka, unatoa, na hesabu lazima zilingane. Kabla yake yalitakiwa mambo mawili. Mwaka 1901 Karl Landsteiner wa Vienna alionyesha kwamba damu za watu zina makundi, ndipo ikaeleweka kwa nini wengine waliotiwa damu walipona na wengine wakafa. Halafu mwaka 1914 ikagundulika kwamba ukichanganya damu na sitrati haigandi, kwa hiyo inaweza kusubiri. Leo mfuko wa damu kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6 unakaa kama siku 35. Zikipita, inatupwa. Hiyo ni akaunti isiyokubali kulimbikiza.

Kwetu Tanzania benki ilikuwa ya namna nyingine. Kila hospitali ilijitegemea, na ndugu wa mgonjwa ndio walikuwa benki yenyewe. Wanaitwa, wanapimwa, wanatoa. Mwenye ukoo mkubwa ulio karibu alikuwa na bahati, mgeni wa mji je? Ukimwi ulipoingia miaka ya 1980 mambo yakawa magumu zaidi, maana ndugu aliyesimamishwa mbele ya wakwe hawezi kusema kwamba damu yake ina mashaka. Uganda waliamka mapema, wakaijenga upya benki ya Nakasero, Kampala, mwishoni mwa miaka hiyo kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya. Kenya ilisukumwa na msiba wa Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi na watu zaidi ya 200 wakafa (siku ileile Dar nayo ikalipuliwa). Sisi tukafuata mwaka 2004 na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, kwa fedha nyingi za Marekani. Kituo cha Kanda yetu ya Kaskazini kiko Moshi. Damu inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende.

Lakini kuna upande wa pili wa leja ambao sikuwa naujua kabisa: matumizi. Benki ikiwa na kidogo, daktari inabidi abane.

Kwa ugonjwa kama wa dada yetu, madaktari wa Afrika kwa miongo mingi wamekuwa wakiichota damu iliyomwagikia tumboni, wanaichuja kwa tabaka za gozi, wanamrudishia mwenyewe. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu kwanza nikavuta pumzi.

Mwaka 2007 na 2008, hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara ilikuwa moja ya hospitali 8 duniani, pamoja na za London na Toronto, zilizojaribu orodha ya maswali ya Shirika la Afya Duniani kabla ya upasuaji. Swali mojawapo: je, mgonjwa huyu anaweza kupoteza damu zaidi ya mililita 500? Kama ndiyo, jiandae kabla ya kisu. Katika hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi tu na maswali!

Halafu kuna dawa ya asidi ya traneksami, iliyobuniwa Japan mwaka 1962 na Utako Okamoto na mumewe. Utafiti wa akina mama 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulionyesha mwaka 2017 kwamba mama anayevuja damu baada ya kujifungua akipewa ndani ya saa 3, vifo vya kuvuja damu vinapungua kwa karibu theluthi. Mama Okamoto alifariki mwaka 2016. Majibu hakuyaona.

Ila ukibana vipi, lazima kuwe na kitu cha kubana. Na wachangiaji wakubwa wa nchi hii ni sisi wanafunzi. Shule na vyuo vikifungwa akiba inashuka, lakini mrija wa uzazi hausomi ratiba ya chuo.

Dada anaendelea vizuri, jana kanitumia salamu na ndizi mbivu. Ananishukuru mimi, wakati aliyemwokoa saa ile simjui wala yeye hamjui. Nesi aliniambia mwanaume anaruhusiwa kila baada ya miezi 3, mwanamke 4. Nimeshaweka alama kwenye kalenda. Gari lao likirudi hapa Njiro, ukiniona nakimbilia kipindi, nikamateni.