Kileo Kabla ya Kisu

Mnamo mwaka 1879, huko Kahura katika nchi ya Bunyoro, kijana wa Kiingereza aitwaye Robert Felkin, aliyefika Uganda katika msafara wa wamisionari, alishuhudia tendo ambalo habari zake, zilipochapishwa Edinburgh mwaka 1884, ziliwastaajabisha matabibu wengi: mwanamke wa umri wa miaka ishirini hivi, aliyeshindwa kujifungua mimba yake ya kwanza, alilazwa kitandani akanyweshwa pombe ya ndizi hata akawa nusu mlevi, akafungwa kifuani na mapajani kwa nguo ya magome ya mti, ndipo mpasuaji akanawa mikono na kumwosha tumbo kwa pombe ile ile, kisha kwa maji, akapiga ukelele ulioitikiwa na umati nje, akapasua. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, jeraha likabanwa kwa pini saba nyembamba za chuma kilichosuguliwa vizuri; na mpaka zilipopachikwa, asema Felkin, mgonjwa hakulia. Siku ya kumi na moja jeraha lilikwisha kupona.

Wengi husifu ule usafi wa mikono, nao wastahili sifa. Mimi navutiwa zaidi na utaratibu, kwamba dawa ilitangulia kisu. Ulaya na Marekani hazikuwa na uhaba wa dawa za usingizi, maana mganga wa meno Morton alikwisha kuonyesha etha huko Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na nusukaputi ya tabibu Simpson ikafuata mwaka 1847. Ila aliyelala hajasalimika na maumivu, kwani mishipa ya fahamu huendelea kupeleka habari za jeraha ingawa mwenyewe hana habari. George Crile, mpasuaji wa Cleveland, alihimiza mwanzoni mwa karne ya ishirini kwamba mishipa ile izibwe kwa sindano kabla ya kukata, na wachache wakamsikiliza.

Hoja yake ilipata nguvu mwaka 1983, Clifford Woolf alipobainisha kuwa uti wa mgongo, ukishapokea habari za jeraha, huwa mwepesi wa kuhisi kupita kiasi, hata mguso mdogo ukauma. Kabla yake, mwaka 1971, John Vane alikwisha kueleza jinsi aspirini inavyozuia mwili kutengeneza prostaglandini, zinazochochea uvimbe na kuzidisha uchungu penye jeraha. Basi mwaka 1988 Patrick Wall akawausia matabibu wawahi maumivu kabla hayajaanza. Kwa mizani hiyo pombe ya Kahura ilipungukiwa, maana kileo huzubaisha akili kuliko kuzuia uvimbe.

Walakini mwaka 2002 Møiniche na wenzake wa Denmark, walipokusanya majaribio mengi, waliona kwamba kutanguliza dawa peke yake hakuleti tofauti kubwa. Wala si ajabu, kwani kisu hupita kwa saa moja na uvimbe hukaa siku kadhaa, ndiyo sababu matabibu wa leo hutanguliza dawa na kuiendeleza hata jeraha litulie.