Kufunga au Kushika Mlango? Historia ya Kanuni Moja ya Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kueleza chimbuko la kanuni moja inayowasumbua mafundi wa kompyuta, na kuonyesha jinsi historia yake inavyoweza kumwongoza mtafsiri.

Kompyuta iliyoungwa kwenye mtandao huendesha programu nyingi kwa anwani moja. Ili ujumbe uifikie programu inayohusika, kila programu inayotoa huduma hushika namba yake, kuanzia 1 hadi 65535. Namba hiyo twaiita mlango. Tovuti, kwa mfano, kwa kawaida huwangojea wageni kwenye mlango 80 au 443.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitia mawasiliano ya mtandao katika mfumo wa Unix. Wakaweka sharti kwamba milango iliyo chini ya 1024 ishikwe na msimamizi wa mfumo peke yake. Siku hizo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi, na wasimamizi walikuwa wachache, tena wakiaminiana. Ombi lililotoka katika mlango wa namba ndogo lilichukuliwa kuwa limeidhinishwa na msimamizi. Ndiyo maana huduma ya rlogin iliweza kumpokea mgeni bila kumdai neno la siri.

Imani hiyo haikudumu. Kompyuta ndogo zilipoenea, kila mwenye kompyuta alikuwa msimamizi wa yake. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Finland alitunga SSH, ambayo hulinda mawasiliano kwa kuyafumba, wala haitegemei namba ya mlango. Hata hivyo, sharti la 1024 limebaki katika mifumo mingi, ingawa tangu mwaka 2017 msimamizi wa Linux anaweza kukishusha kiwango hicho.

Hapa ndipo istilahi inapoingia. Mtumiaji wa kawaida akijaribu mlango 80, mfumo humjibu kwamba amenyimwa ruhusa. Akijaribu 8080, nao umekwisha kushikwa na programu nyingine, hujibiwa kwamba anwani inatumika. Hizi ni kasoro mbili mbalimbali. Ya kwanza huondolewa kwa kuchagua namba kubwa zaidi, au kwa kumwomba msimamizi aipe programu mamlaka hayo peke yake. Ya pili huondolewa kwa kuisimamisha programu iliyotangulia, au kwa kuchagua mlango ulio wazi. Mtafsiri akiziunganisha kwa kauli moja, "imeshindikana", humnyima msomaji dawa.

Kosa kubwa zaidi ni kulifasiri neno "bind" kuwa kufunga. Msomaji akiambiwa "programu imeshindwa kufunga mlango", ataelewa kwamba mlango umebaki wazi, naye ataanza kutafuta hatari isiyokuwapo, ilhali kwa kweli huduma yake haijaanza. Twapendekeza kushika mlango, kama mtu ashikavyo nafasi katika foleni. Hali kadhalika, milango iliyo chini ya 1024 isiitwe "ya upendeleo", kwani hakuna anayependelewa. Iitwe milango ya msimamizi, jina linalotaja sharti lenyewe.

Istilahi hupimwa kwa matumizi. Tunawaomba walimu na watafsiri wayajaribu maneno haya kazini na kutuletea maoni yao.