Fischer, Mvuvi wa Nyika

Huko Kitengela na Kajiado, ambako samaki huletwa kwa gari, yuko ndege mdogo wa jamii ya kipozamataza, dume lake lenye mashavu meupe na mfuo mweusi tumboni, adonoaye mbegu vumbini, ambaye wataalamu wamempa jina la ukoo la Kijerumani: Fischer, yaani mvuvi. Ni lakabu ya kazi iliyogeuka nasaba, mfano wa Müller, msaga nafaka. Nayo ikasafiri na tabibu Gustav Fischer, mzaliwa wa Barmen mwaka 1848, hadi Unguja, kisha mwaka 1883 ikakata Umasaini mpaka Naivasha. Tabibu alifariki Berlin mwaka 1886. Mvuvi wetu, masikini, hata bahari hajaiona.