Lori la zamani linalochemsha: namna ya kuchagua spea za rejeta na hita

Novemba inapokaribia, Canter nyingi za Njombe, Makete na Ludewa hushuka kufuata mbolea. Safari ya kurudi ndiyo inayozipima. Ruaha Mbuyuni ni bonde lenye joto kali, na ukilimaliza tu unaanza kupanda Kitonga. Lori limejaa, gia ni ndogo, mwendo ni wa kinyonga na upepo wa kupoza rejeta haupo. Likichemsha pale, mwenye lori anaweza kuishia kufungua injini nzima, na mkulima anayesubiri mbolea ya kupandia anaiona mvua ya kwanza ikinyesha mifuko ikiwa bado barabarani.

Lori hilohilo miezi ya Juni na Julai hukesha Makete, ambako kule Kitulo umande huganda asubuhi. Hapo dereva anatafuta hita, si ya kumfurahisha bali ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Watu wengi huchukulia rejeta na hita kuwa vitu viwili tofauti. Ukweli ni kwamba maji yanayopoza injini ndiyo yanayopasha kabini: hita ni rejeta ndogo tu, iliyofichwa nyuma ya dashibodi na kuwekewa feni yake. Ukikosea kununua spea ya huku, utaumia na kule.

Makala hii inatumia Mitsubishi Canter ya zamani kama mfano kwa sababu ndiyo imejaa vijijini kwetu. Mwenye Isuzu au Dyna atafuata njia ileile.

Nunua kwa namba, si kwa jina la gari

Ukifika dukani Kariakoo au Gerezani ukasema "nipe pampu ya maji ya Canter", muuzaji mzuri atakuuliza swali moja: injini gani? Canter za zamani zilikuja na injini tofauti. 4D32 ina ujazo wa lita 3.6, 4D33 ina lita 4.2, na zipo nyingine kabla na baada yake. Pampu, themostati na mipira yake si lazima zifanane. Tena malori yetu mengi yamewahi kubadilishiwa injini, kwa hiyo kibati cha kwenye kabini kinaweza kusema hivi na injini iliyofungwa ikawa nyingine. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini yenyewe, ipige picha kwa simu, kisha piga picha kibati.

Halafu nenda na spea ya zamani mkononi. Kama huwezi kusafiri nayo, ipige picha kwa mbele, nyuma na ubavuni, ukiwa umeweka rula pembeni. Picha bila kipimo humsaidia muuzaji kuuza, haikusaidii wewe. Omba namba ya spea iandikwe kwenye risiti, na mkubaliane kabla ya kulipa kuhusu kuirudisha isipoingia.

Kabla ya hayo yote, hakikisha tatizo ni spea unayoifikiria. Kama maji kwenye rejeta yanatoa mapovu mfululizo injini ikiunguruma, moshi ni mweupe na maji yanapungua bila kuvuja nje, inawezekana gasketi ya hedi imeungua. Rejeta mpya haitatibu hilo. Nimesikia habari za watu waliouza ng'ombe wakanunua rejeta, kumbe ugonjwa ulikuwa ndani ya injini.

Mfuniko: kitu kidogo kinachodharauliwa

Ningeambiwa nichague spea moja ya kuizungumzia redioni, ningechagua mfuniko wa rejeta. Ni wa bei ndogo kuliko karibu vyote na ndio unaofungwa ovyo kuliko vyote.

Kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu. Unayabana. Maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Ufukweni maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100, lakini kadiri unavyopanda, kiwango hicho hushuka. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mfuniko ulioandikwa 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 120 ufukweni, na takribani 115 huku juu. Ukiufunga mfuniko uliochoka, ambao raba yake imekauka na springi imelegea, lori linarudi kwenye zile nyuzi 93. Injini ya dizeli iliyobeba mzigo mlimani hufika hapo bila kuwa na kasoro yoyote. Kwa maneno mengine, lori linaweza kuwa zima kabisa na likachemsha kwa sababu ya mfuniko.

Kwa hiyo soma namba juu ya mfuniko wa zamani na ununue namba hiyohiyo. Wengi huona 1.1 ni kubwa kuliko 0.9 wakadhani ni bora zaidi. Kwenye rejeta ya miaka mingi, shinikizo la ziada hutafuta mahali dhaifu: maungio ya rejeta, mpira wa zamani, au ile rejeta ndogo ya hita. Pima pia kina cha shingo. Ipo mifuniko mifupi na mirefu, na mfupi kwenye shingo ndefu utajifunga kwa nje vizuri lakini ndani haugusi kitu.

Dalili nyingine: asubuhi injini ikiwa ya baridi, ukikuta mpira wa juu umefyonzwa na kubonyea, vali ndogo ya katikati ya mfuniko imekwama na haivuti maji kutoka kwenye mtungi wa akiba. Badilisha mfuniko kabla hujanunua mpira. Na mfuniko usiguswe injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa. Maji yaliyobanwa yakipata nafasi hulipuka kuwa mvuke, na usoni huacha kovu la kudumu.

Themostati isitolewe

Gereji nyingi za barabarani, lori likichemsha, hutoa themostati na kuitupa. Mafundi wenye ujuzi hubishana juu ya jambo hili, ila mimi niko upande wa wanaosema irudishwe.

Themostati ni mlango unaofunguka kwa joto. Injini ikiwa ya baridi hufunga ili ipate joto haraka. Ikipata joto hufungua maji yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, injini ya dizeli inakimbia ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi, inachakaa mapema, na hita inapuliza hewa ya uvuguvugu tu. Kuna injini ambazo themostati yake ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa kwenye injini ya namna hiyo, sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo, na tiba inazidisha ugonjwa.

Kwenye themostati kuna namba iliyogongwa, mfano 76.5 au 82. Hizo ni nyuzi za kuanza kufunguka. Nunua namba ya injini yako. Ya namba ndogo haiongezi nguvu ya rejeta. Rejeta iliyoziba itabaki imeziba. Chukua na raba yake mpya, na ukifunga, kile kivali kidogo kinachochezacheza kiwe juu ili hewa itoke.

Unaweza kuipima nyumbani kabla ya kufunga. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, bandika jikoni, utazame. Lakini wa Njombe na Makete wasikilize hapa: themostati ya 82 huhitaji karibu nyuzi 95 kufunguka yote, na maji ya sufuria yako huchemka kabla ya hapo. Ukiiona imefunguka kiasi tu, usiirudishe dukani kwa ugomvi. Isipofunguka kabisa maji yakiwa yanatokota, hiyo ni mbovu.

Rejeta, pampu na mipira

Rejeta za zamani ni za shaba na zinaungwa kwa risasi. Nyingi za kisasa ni alumini yenye matenki ya plastiki. Mpya ya alumini ni nyepesi na hupoza vizuri, lakini tenki lake likipasuka Lupembe hakuna fundi wa kuliunga pale. Kwa lori linalolala vijijini, rejeta ya shaba iliyo nzima, hata ya mtumba, bado ina maana. Ichunguze: sugua mapezi kwa kidole, yakipukutika kama majani makavu iache. Mimina maji juu. Yakitoka chini taratibu, mirija imeziba. Linganisha unene na idadi ya safu za mirija na ile ya zamani, kwani nyembamba itaingia vizuri na kukuangusha Kitonga. Lile boksi la plastiki linalozunguka feni lirudishwe, maana bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya shingo yake. Kikitoa maji, sili imekwisha, usikizibe. Ukinunua mpya, ilaze sambamba na ya zamani: urefu wa shafti, matundu ya boluti za feni, na ukubwa wa mapanga ya ndani. Mkanda uliopasuka ubadilishwe siku hiyohiyo.

Mpira hununuliwa kwa kipenyo cha ndani na kwa umbo lake. Mpira wa bustani uliokunjwa kwa nguvu hubonyea mahali pa kona. Kama mpira wa chini ulikuwa na springi ndani, mpya nao uwe nayo, kwa sababu pampu inafyonza upande huo.

Hita yenyewe

Harufu tamu kabini, zulia lenye maji na kioo chenye ukungu wa utelezi ni ishara kwamba rejeta ndogo ya hita inavuja. Mafundi wengi huiruka kwa kuunganisha mipira miwili pamoja. Kama suluhisho la kufika nyumbani, sawa. Kuendesha Makete usiku wa Julai bila kioo kinachoonekana si sawa. Ukinunua nyingine, linganisha urefu, unene na upande ambao bomba zinatokea, na ukague koki yake, kwani mara nyingi hita ni nzima na koki ndiyo imekwama. Mipira ya hita iwe na nafasi ya kutosha, maana kabini ya Canter inainuliwa, na mpira mfupi utachomoka siku hiyo.

Unga wa kuziba rejeta, na ile manjano ya jikoni ambayo wengine hutia, huziba kwanza mirija myembamba, na mirija myembamba kuliko yote ni ya hita.

Spea zikishafungwa, jaza taratibu, weka hita kwenye moto, washa injini mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa ya baridi, hadi mapovu yaishe. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi kama chupa inavyoelekeza. Huku kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka; maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko ndani ya mirija. Rangi ya kulanti si kipimo cha ubora, na usichanganye aina mbili. Ni sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo isiwekwe kwenye chupa ya soda wala kumwagwa mahali ambapo mtoto au mbwa atailamba. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, kagua kiwango tena na uongeze.