Hadithi Zilizowanyima Usingizi Watawala wa Kampala

Juni 1962, waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala. Achebe alikuwapo, Soyinka pia, na mwanafunzi mmoja, James Ngugi, alimkabidhi Achebe mswada wa riwaya yake. Walioalikwa ni wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, gwiji wa Kiswahili aliyefariki dunia mwezi huohuo huko Tanganyika, asingepata kiti. Ngugi huyohuyo, ambaye sasa aliitwa Ngũgĩ wa Thiong'o, alilisema jambo hilo kwa uchungu miaka mingi baadaye, na alikuwa na haki: kisa kilichokuja kumgharimu mtunzi wake uhai pale Kampala kilisimuliwa kwa Kiganda.

Mtunzi huyo ni Byron Kawadwa. Tamthilia yake ya nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, inamhusu Wankoko, mtu wa kawaida anayekitamani kiti cha enzi. Watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa. Mei 1966 wanajeshi wa Rais Milton Obote, wakiongozwa na Idi Amin, waliuvamia Lubiri, kasri la Mengo, na Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, akakimbilia uhamishoni. Mwaka uliofuata falme zikafutwa.

Kuyaandika hayo waziwazi kulikuwa hatari. Oktoba 1968 Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition, alitiwa kizuizini pamoja na mbunge Abu Mayanja kwa sababu ya maandishi yaliyoikosoa serikali. Tamthilia, kwa upande wake, ina kinga. Haimtaji mkubwa yeyote, na afisa anayesimama kudai kwamba Wankoko ni bwana wake, amekwisha kukiri kuwa wamefanana.

Lakini kinga hiyo ina kikomo. Obote alipinduliwa Januari 1971, akaja Amin, yuleyule wa Lubiri, na kisa cha mnyang'anyi wa madaraka kikampata mwenyewe mpya. Mwaka 1977 tamthilia hiyo iliiwakilisha Uganda kwenye tamasha la FESTAC jijini Lagos. Muda mfupi baada ya kurejea, Kawadwa, wakati huo mkurugenzi wa Jumba la Maonyesho la Taifa, alikamatwa na watu wa Amin na kuuawa.

Mtunzi mwenzake wa tamthilia, Robert Serumaga, alipita njia nyingine: aliyaondoa maneno. Katika Amayirikiti, ya mwaka 1974, kundi lake la Abafumi liliusimulia ukatili kwa miili, ngoma na vilio. Shushushu angepeleka nini Nakasero, kwenye makao ya usalama wa Amin, wakati hakuna hata sentensi moja ya kunukuu? Ni ujasiri wa kipekee, na unastahili kukumbukwa zaidi ya unavyokumbukwa. Hatimaye Serumaga mwenyewe aliona jukwaa halitoshi. Akajiunga na waliompinga Amin kwa silaha, akawa waziri mwaka 1979, na mwaka uliofuata akafariki.

Watawala wa leo nao wanasoma riwaya. Aprili 2020 mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa, na kwa maelezo yake aliteswa huku akihojiwa kuhusu The Greedy Barbarian, hadithi ya kubuni juu ya kiongozi mla rushwa. Alipotoka aliandika kitabu kuhusu mateso hayo, na Septemba wakamkamata tena. Desemba 2021 wakamfuata kwa mara nyingine, safari hii kwa ujumbe wake wa Twitter kumhusu mtoto wa rais. Februari 2022 akaikimbia Uganda, na kutoka Ujerumani anaendelea kuandika.